Mkazo Uliofichika Ndani ya Bomba

Bomba la chuma lililolazwa chini, bila maji wala uzito wowote, huenda ndani ya ukuta wake tayari chuma kinavutana na chuma. Chanzo ni utengenezaji. Bati hukunjwa, kingo zake zikachomelewa. Mshono unapopoa hutaka kusinyaa, lakini chuma baridi kilicho pembeni huuzuia. Nguvu za kuvuta na za kubana husawazishana, kwa hiyo jicho halioni kitu. Huo ndio mkazo wa mabaki.

Rumonge, nchini Burundi, ina sababu ya kuufahamu. Mito ya Jiji na Mulembwe hushuka kutoka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika, na imechaguliwa kwa mradi wa umeme wa takriban megawati 49. Katika vituo vya aina hiyo maji huteremshwa kwenye turbini kupitia mabomba ya shinikizo. Kila mita 100 za kimo huongeza karibu megapaskali 1. Bomba lenye kipenyo cha mita 1 na unene wa milimita 10 likibeba shinikizo hilo, ukuta wake huvutwa kwa megapaskali 50. Lakini kandokando ya mshono ambao haukutulizwa kwa joto, mkazo wa mabaki peke yake unaweza kufika 250 hivi, kiwango ambacho chuma cha kawaida husalimu amri na kubadilika umbo. Nyufa za uchovu hupenda kuanzia hapo.

Kwa mabomba yenye ukuta mwembamba, kipimo rahisi ni cha kupasua. Kata kipande chenye urefu wa walau mara tatu ya kipenyo, upime kipenyo hicho katikati ya unene wa ukuta. Kipasue upande mmoja, mwanzo hadi mwisho, kwa msumeno unaopozwa, kwani joto la grainda huleta mkazo mpya. Kisha pima tena. Kikipanuka, uso wa nje ulikuwa ukivutwa. Kikijifumba, ulikuwa ukibanwa.

Hesabu yake ni fupi: 1 gawanya kwa kipenyo cha kwanza, toa 1 gawanya kwa kipenyo cha pili, zidisha kwa unene, kisha kwa 200,000, ambayo ni megapaskali za ugumu wa chuma, gawanya kwa 0.91. Bomba la milimita 60 lenye ukuta wa milimita 3, likipanuka hadi 61, lilikuwa na mkazo wa karibu megapaskali 180. Milimita moja tu!

Bomba lililokwisha kufungwa mlimani halipasuliwi. Hapo hubandikwa geji ndogo tatu, ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zikivutwa, kisha katikati yake hutobolewa tundu la milimita 2 hivi. Chuma kinachozunguka tundu hulegea, na geji husoma kiasi. Njia hii hupotosha mkazo ukikaribia kiwango cha kusalimu amri, yaani palepale penye mshono. Eksirei haitoboi chochote, kwani hupima nafasi kati ya tabaka za atomi, ila huona sehemu chache tu za elfu za milimita chini ya uso.

Kwa kuwa kila njia ina upofu wake, mnunuzi mwangalifu huagiza kipande cha ziada kutoka fungu lilelile na kukipasua kabla ya kufunga. Gharama ni kipande hicho, msumeno na kalipa.