Kidonda Kisichouma

Mtu akichomwa na mwiba shambani husimama mara moja akautoa. Ni nani aliyemwambia? Ni maumivu. Maumivu ni kama mbwa wa mlangoni: kelele zake zaudhi, lakini ndizo zimwamshazo mwenye nyumba mwivi ajapo.

Basi sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi, mishipa ya fahamu huharibika na miguu hufa ganzi. Mwiba waingia, kaa la moto launguza, kiatu chabana, naye mwenye kisukari hana habari. Tena mishipa ya damu huziba, damu isifike miguuni ipasavyo. Kwa hiyo kidonda hakiponi upesi, na uchafu huweza kupenya hata mfupani.

Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, nao wamelala, wasiamke. Tangu mwaka 2004 madaktari na wauguzi wa mikoa mingi ya Tanzania walifundishwa kutunza miguu ya wagonjwa hao, ikaonekana ya kuwa miguu mingi yaweza kuokolewa kidonda kikitibiwa mapema.

Nasi wa Bisibo yatupasa kufanya hivi. Kila jioni mgonjwa aoshe miguu, aikaushe hata kati ya vidole, na mtoto mwenye macho mazuri amtazame nyayo. Asiende pekupeku, hata nyumbani. Apapase ndani ya viatu kabla ya kuvivaa. Asiote moto kwa miguu, wala asikate sugu kwa wembe.

Kidonda kikionekana, hata kiwe kidogo, kioshwe kwa maji safi, kifungwe kwa kitambaa safi, wala msitie majivu, samadi au majani. Mgonjwa asikikanyagie, apelekwe hospitali upesi. Huko nyama iliyokufa huondolewa, dawa ya kuua vijidudu hutolewa ikihitajiwa, na sukari hupimwa na kutulizwa. Mguu ukivimba, ukiwa na joto, ukinuka au ukigeuka mweusi, msingoje hata kuche.

Wengi husema, “Hakiniumi, nitakwenda baada ya mavuno.” Kwa neno hilo wengine wamepoteza mguu. Enyi walimu, wafundisheni watoto kazi hii ya jioni: macho yao na yawe badala ya maumivu yaliyonyamaza.