JIKO JIPYA: JE, KUNI ZIMEPUNGUA KWELI?

Katika vijiji vingi watu wamejenga majiko ya udongo yanayosemwa kutumia kuni kidogo. Wengine wanayaita majiko sanifu, wengine majiko banifu. Fundi akimaliza kazi husema, "Mama, sasa utatumia nusu ya kuni." Mama anafurahi. Lakini nani amepima?

Sisi wenyewe tulikuwa hatupimi. Katika kijiji kimoja tulichofundisha, darasa la kisomo lilijenga majiko hayo kwenye nyumba kadhaa. Baada ya miezi miwili tukapita nyumba kwa nyumba tukiuliza. Kila mahali tuliambiwa, "Zuri sana, mwalimu." Nasi tukaandika katika taarifa yetu kwamba majiko ni mazuri sana. Siku nyingine tukafika kwa mama mmoja bila kutazamiwa. Tulimkuta nyuma ya nyumba, anapika maharage kwenye mafiga. Jiko jipya lilikuwa ndani, limefunikwa ungo. Akaona haya.

"Nisameheni, mwalimu," alisema. "Kuni zinaisha vilevile. Niliogopa kuwavunja moyo."

Kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumeuliza kama mgeni anayeulizwa, "Je, chakula kitamu?" Nani atajibu hapana?

Mambo haya hayakutupata sisi tu. Guatemala ni nchi ya Amerika ya Kati. Mwaka 1976 ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Baada ya hapo lilienea huko jiko moja linaloitwa Lorena. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kihispania, yaani tope na mchanga. Lilikuwa bonge nene la udongo lenye matundu ya sufuria na bomba la moshi. Ilisemwa kuwa linapunguza kuni kwa nusu, na sifa zake zikafika nchi nyingi. Kisha watu wakaja na mizani. Kumbe mara nyingi jiko lile halikushinda mafiga, na pengine lilikula kuni zaidi!

Sababu ni nini? Udongo mnene hunywa joto. Ukiwasha moto, ukuta unapata moto kwanza, sufuria inangoja. Na bomba la moshi nalo huvuta joto kupeleka nje. Hata hivyo watu waliokuwa nalo walilipenda, maana moshi ulitoka jikoni na macho yakapona kuwasha. Hilo si jambo dogo. Lakini moshi una hesabu yake, na kuni zina hesabu yake. Tusichanganye.

Mwaka 1982 wataalamu wa majiko walikutana Arlington, huko Marekani, wakakubaliana njia tatu za kupima. Ya kwanza ni kuchemsha maji. Ya pili ni kupika chakula cha namna moja kwenye majiko mawili. Ya tatu ni kupima kuni za nyumba nzima kwa siku kadhaa, watu wakiishi kama kawaida yao. Mbili za kwanza tuwaachie mafundi. Fundi anayechemsha maji mbele ya mkutano ana kuni kavu zilizopasuliwa vizuri, na anakaa pale pale akichochea. Hana mtoto mgongoni, wala mahindi ya kutwanga. Njia ya tatu ndiyo inayokufaa wewe msomaji, kwa sababu inapima jiko likiwa mikononi mwako.

Unahitaji mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia watoto kliniki. Kama hamna, mwombeni mnunuzi wa mazao awaazime. Unahitaji pia kamba, daftari na kalamu. Basi.

Wiki ya kwanza pika kwenye mafiga kama ulivyozoea. Asubuhi funga tita la kuni kubwa kuliko unalohitaji kwa siku moja. Lipime, andika kilo zake, uliweke peke yake. Siku hiyo chukua kuni kwenye tita hilo tu. Kesho yake asubuhi pima zilizobaki. Ukitoa zilizobaki katika zile za jana, umepata kuni zilizotumika. Fanya hivyo siku saba. Wiki ya pili fanya vilevile kwa jiko jipya.

Sasa hesabu ya watu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila siku andika watu waliokula. Mtu mzima mhesabu mmoja, mtoto mdogo mhesabu nusu. Tuseme nyumbani kuna baba, mama na watoto wadogo wanne. Hao ni watu wanne. Kwa siku saba ni 4 mara 7, yaani 28. Tena tuseme wiki ya mafiga mlipata wageni wawili, watu wazima, wakakaa siku mbili. Ongeza 4. Jumla 32.

Wiki hiyo mlitumia kilo 64. Gawa 64 kwa 32, unapata kilo 2 kwa mtu mmoja kwa siku. Wiki ya jiko jipya hapakuwa na wageni, mkatumia kilo 42. Gawa 42 kwa 28, unapata kilo 1 na nusu. Jiko limepunguza nusu kilo katika kilo 2, yaani robo. Ungetazama 64 na 42 peke yake, ungedhani limepunguza zaidi ya theluthi. Kumbe sehemu nyingine ni wageni kuondoka!

Pima wiki zote mbili katika majira yale yale, kwa kuni za aina moja. Kuni mbichi hupoteza joto kukausha maji yake zenyewe, kwa hiyo ukipima mafiga wakati wa mvua na jiko wakati wa kiangazi, utalisifu jiko kwa kazi ya jua. Wiki ya msiba au ya kupika pombe iache. Na kama katika wiki ya jiko jipya umerudi kwenye mafiga kuchemsha maji ya kuoga, kuni hizo pia zihesabu. Usizifiche. Daftari ni lako, si la mwalimu.

Yule mama tulimrudia tukiwa na mizani. Alipima wiki mbili, akaandika mwenyewe. Tofauti ya mafiga na jiko ilikuwa ndogo mno, haikufika hata robo kilo. Safari hii hakuona haya, alimwita fundi akamfungulia daftari. Wakainama pamoja kutazama jiko. Fundi alikuwa amelijenga kwa kipimo cha sufuria yake, na sufuria ya mama ilikuwa ndogo zaidi. Kati ya sufuria na ukuta palibaki nafasi ya vidole vitatu, moto unapita pembeni unakwenda zake. Mlango wa kuni nao ulikuwa mpana, unameza magogo matatu kwa pamoja.

Fundi akaongeza udongo ndani mpaka nafasi ikabaki kidole kimoja, akapunguza na mlango. Walingoja udongo ukauke kabisa, kisha mama akapima tena siku saba. Kuni zilipungua. Hazikufika nusu kama tulivyoahidi, ila zilitosha kumwondolea safari moja ya porini kila wiki. Chungu kikubwa cha wageni bado anakipika kwenye mafiga, maana kwenye jiko hakiingii.