Mjue Bunju Kabla ya Kumtia Chunguni

Wakulima wengi waliopewa mashamba katika skimu za makao huko Pwani, kama Shimba Hills na Mpeketoni, walitoka bara, wala hawakuzoea samaki wa baharini. Samaki ni chakula chema, hasa kwa watoto. Lakini yuko mmoja ambaye yakupasa kumtambua. Jina lake ni bunju, na sumu yake huua.

Kumtambua si kazi ngumu. Kwanza, tazama kinywa. Ni kidogo, na meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, mawili juu na mawili chini. Pili, papasa ngozi. Haina magamba ya kuparuza kwa kisu. Tatu, mgeuze: hana mapezi ya tumboni. Akiwa hai, akishtuka hujijaza maji akawa mviringo kama mpira. Lakini usiingojee alama hii, maana akiisha kufa huenda asivimbe. Tena usidanganywe na udogo wake. Bunju wengine hawazidi urefu wa kidole.

Sumu imo hasa katika ini, mayai, matumbo na ngozi. Kumchemsha, kumkaanga, kumtia chumvi au kumwanika juani hakuiondoi.

Mwaka 1774 nahodha Mwingereza, James Cook, alipofika New Caledonia katika bahari ya Pasifiki, alinunuliwa samaki asiyemjua. Yeye na wenzake wawili walionja kidogo tu ini na mayai. Usiku ule mikono na miguu yao ilikufa ganzi. Wao walipona, lakini nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa asubuhi. Basi, usiwatupie kuku, mbwa wala paka mabaki ya bunju. Yafukie chini sana.

Mtu aliyemla huanza kusikia ganzi midomoni na ulimini, pengine kabla ya saa moja kupita. Kisha hutapika, viungo hulegea, na mwisho pumzi hukatika. Dawa ya kuivunja sumu hii haijapatikana, lakini hospitali yaweza kumsaidia kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Kwa hiyo mpeleke mara moja, usingoje kucha.

Ukienda sokoni, nunua samaki mwenye kichwa na ngozi yake. Aliyekwisha kuchunwa na kukatwa kichwa, nani atakuambia ni samaki gani? Na ukiwa na shaka, muulize mvuvi mzee kabla hujawasha moto.