Kilio cha Tumbiri na Neno la Mtu

Mwenye shamba asikiapo kelele za tumbiri hutwaa jiwe, wala hangoji kusikiliza. Lakini huko Amboseli, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro, wako wataalamu waliokaa kitako wakasikiliza, na waliyoyagundua yafaa kujulikana.

Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba tumbiri wana mlio mmoja wa kuonya juu ya chui, mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka. Mwaka 1977 Bwana Robert Seyfarth na mkewe, Bibi Dorothy Cheney, kutoka Marekani, walianza kuichunguza milio hiyo. Waliinasa kwa mashine, wakaficha kipaza sauti kichakani, kisha wakaitoa wakati ambapo hapakuwa na adui yeyote. Uliposikika mlio wa chui, tumbiri walikimbilia mitini. Wa tai, walitazama juu au wakajificha vichakani. Wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia majani. Basi kilio kile si woga mtupu, kina maana. Hata watoto wao hukosea kama watoto wetu wakosavyo: mtoto huonya juu ya tai kwa kuona ndege asiye na madhara, na pengine jani liangukalo tu. Kadiri akuavyo, makosa hupungua.

Je, tofauti i wapi? Wataalamu wale hawakuishia hapo. Chui hupandisha windo lake mtini. Wakaweka mfano wa mzoga wa swala juu ya mti, tumbiri wasishtuke. Wakachora mchangani njia kama ya chatu, wala hawakuijali. Kwao nyoka ni yule aonekanaye. Alama yake si kitu.

Tena wakawajaribu kima wa aina nyingine waliofugwa Marekani. Mama aliona hatari, mtoto wake hakuiona. Yamkini mtu angetazamia mama apige kelele zaidi. Sivyo: hakumwonya zaidi ya mtoto aliyeiona hatari pamoja naye. Inaonekana mama hakutambua kwamba alijualo yeye, mwenzake halijui.

Hata hivyo, wanyama wasidharauliwe upesi. Katika msitu wa Budongo, Uganda, sokwe waliwekewa nyoka wa bandia njiani, na habari zake zikachapishwa mwaka 2012. Sokwe alilia zaidi alipokuwapo mwenzake asiyejua habari ya nyoka yule kuliko alipokuwapo aliyekwisha kujua. Hivyo mpaka uliodhaniwa kuwa wa mwanadamu peke yake ukasogezwa kidogo.

Lakini sokwe huonya juu ya nyoka aliye mbele yake. Kijana wa Kimasai achungaye ndama huiona njia ya chatu mchangani, akajua kwamba alipita usiku; na jioni humweleza nduguye aliyebaki bomani, asiyeona nyoka wala njia yake, nao wakashauriana wapi pa kulisha ndama kesho.