Pweza wa chuma: kifaa kinachoingia kisimani kimejikunja, kikifika chini kinafunguka

Juzi nilikuwa Tingi, nimekaa kijiweni na vijana, stori zikaangukia kwenye gesi kama kawaida ya huku kwetu. Dogo mmoja akauliza: "Kaka, hivi kisima kikishawekwa bomba la chuma, inakuwaje wanachimba tundu pana zaidi chini ya lile bomba? Hicho kifaa kikubwa kinapita wapi?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, maana swali lile wahandisi wameumiza nalo vichwa kwa zaidi ya miaka 100. Nikamwahidi nitaandika. Haya dogo, jibu lako hili hapa.

Kwanza tuelewane kisima cha gesi kikoje. Msidhani ni tundu moja lililonyooka kama la choo cha shimo. Kisima kinajengwa kwa hatua. Unachoronga tundu pana, unashusha bomba la chuma ambalo mafundi wanaliita kesingi, kisha unapiga saruji kati ya bomba na ukuta wa udongo. Halafu unaendelea kuchoronga, lakini sasa kichwa cha kuchorongea lazima kipite ndani ya lile bomba. Kwa hiyo tundu linalofuata ni jembamba zaidi, na bomba lake ni jembamba zaidi. Kila hatua kisima kinazidi kubana, kama ile antena ya redio ya kuvuta.

Tatizo linaanzia hapo. Chukua tundu la inchi 8 na nusu, ushushe bomba la inchi 7. Nafasi inayobaki kila upande ni kama sentimita 2 tu, na humo ndimo saruji ipite, izunguke, ishike. Ikibaki sehemu bila saruji, gesi inaweza kupata njia ya kupanda nje ya bomba mpaka kwenye tabaka za juu, hata zile za maji. Sasa ukilipanua tundu lilelile mpaka inchi 9 na 7/8, nafasi inakuwa zaidi ya sentimita 3 na nusu kila upande. Saruji inapita vizuri.

Na udongo wa kwetu nao una visa vyake. Wanajiolojia waliochoronga Kilwa na Lindi miaka ya 2000 wakishirikiana na TPDC waliyapa matabaka ya huku majina ya nyumbani: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Sehemu kubwa ya matabaka hayo ni udongo wa mfinyanzi. Kila mtu anajua kuwa mfinyanzi ukinywa maji unavimba. Kuna aina zake ambazo ukizitoboa leo, kesho tundu limeanza kujifunga lenyewe. Ukiwa umelipanua mapema, unapata nafasi ya kushusha bomba kabla halijabana.

Sasa kifaa chenyewe. Wazungu wanakiita andarima. Mimi nakiita pweza wa chuma, na wale wa Songo Songo wanaochokoa pweza maji ya bamvua yakipwa watanielewa haraka. Pweza anaingia kwenye tundu dogo la mwamba kajikunja, akishafika ndani anatanua mikono na kukamata kuta. Andarima ndivyo ilivyo: ni gogo la chuma lenye mikono, mara nyingi mitatu, iliyolala ndani ya mifuko yake. Usoni mwa mikono kuna meno ya tungsteni kabaidi au almasi ya kiwandani.

Kinapita kwenye bomba kimefumba. Kikitoka chini ya bomba, mafundi wanatuma amri kutoka juu. Mara nyingi hakuna waya wala rimoti. Kwenye miundo mingi wanadondosha mpira mdogo ndani ya mabomba ya kuchorongea. Mpira unakaa kwenye kiti chake na kuziba njia ya tope linalosukumwa na pampu. Presha inapanda, pini ndogo zilizowekwa makusudi zinakatika, pistoni inasogea, mikono inasukumwa nje. Matundu mengine ya tope yanafunguka ili meno yaoshwe na yapozwe. Fundi aliye juu anaangalia geji: presha ikishuka kwa kiasi kilichokadiriwa, anajua pweza ameshatanua.

Mpaka hapo mtasema mbona rahisi. Subirini. Ugumu wa kukibuni uko sehemu tatu.

Ya kwanza ni nafasi. Ndani ya gogo la inchi 8 hivi unatakiwa uweke njia ya tope katikati, pistoni, springi, na mifuko ya mikono. Kila mfuko unaochonga unapunguza chuma, na chuma hichohicho ndicho kinachobeba nguvu yote ya kuzungusha. Ukitaka mikono mirefu, gogo linakuwa dhaifu. Ukitaka gogo imara, mikono inakuwa mifupi. Ndiyo maana vifaa vingi vya namna hii vinaongeza kama robo tu ya unene wao, havifiki mara mbili.

Ya pili ni mizani. Kwa nini mikono mitatu? Muulize mama jikoni: mafiga matatu chungu hakiyumbi. Mkono mmoja ukifunguka zaidi ya wenzake, kifaa kinaanza kupiga kuta, kinatetemeka, meno yanavunjika. Kwa hiyo mikono yote inasukumwa na pistoni moja, itoke kwa pamoja au isitoke kabisa.

Ya tatu ndiyo inayowanyima watu usingizi: kufumba. Kufunguka ni nusu ya kazi, kwa sababu kifaa kikigoma kufumba hakipiti tena kwenye bomba. Kimenasa, kama pweza aliyejibana mwambani. Ndiyo maana kuna springi ya kurudisha mikono pampu ikizimwa. Na kama springi imeshindwa labda kwa sababu mchanga umejaa mifukoni, mgongo wa kila mkono huchongwa kwa mteremko upande wa juu. Ukikivuta, mdomo wa bomba unaukandamiza ule mteremko na kuulazimisha mkono uingie. Hata hilo likishindikana, inaanza kazi ya kushusha vyombo vya kunasia, na wachorongaji wenyewe wanaiita kuvua. Mtambo unakodishwa kwa siku, na kila siku ya kuvua ni hela inayoteketea. Wakati mwingine tundu lote linaachwa.

Yupo na ndugu yake andarima, anayekata chuma badala ya mwamba. Anashuka amefumba, akitanua visu anakata au kusaga bomba la kesingi lenyewe. Huyu anatumika kisima kikizeeka na kinatakiwa kuzibwa moja kwa moja: unaondoa kipande cha bomba, unamwaga saruji ikashikane na mwamba wenyewe.

Mtasema haya yanatuhusu nini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika kibiashara 2004. Baadhi ya visima vyake vilichorongwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, na kutu haina siasa. Mwaka 2015 ililetwa mitambo kukarabati visima kadhaa vya baharini pale. Visima vyote vinazeeka, na siku moja vitatakiwa kuzibwa, na vikizibwa vibaya watakaobaki navyo ni sisi wa huku.

Na sio gesi tu. Mwenzenu nimeshuhudia kisima cha maji cha kijiji kikitoa mchanga mpaka pampu ikafa. Dawa mojawapo ya mchanga ni kulipanua tundu pale kwenye tabaka la maji, ili kokoto za kuchujia ziwe nene kulizunguka bomba lenye matundu. Wazo ni lilelile.

Kwa hiyo dogo wa Tingi, ulichouliza si utoto. Pistoni, springi na geji ni vitu unavyoviona gereji kila siku. VETA ipo Lindi na ipo Mtwara. Kanuni za mwaka 2017 chini ya Sheria ya Petroli zinataka Watanzania wapewe nafasi kwenye kazi hizi, lakini kanuni haiwezi kukufundisha kuchonga chuma. Hiyo ni juu yako.

Waliowahi kufanya kazi kwenye mitambo, karibuni mtuongezee hapo chini. Na kama kuna mahali nimechemsha, nirekebisheni, ila msinipige mawe. Naomba kuwasilisha.