INUA MKEKA, SAFISHA NA CHINI YAKE

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za vijijini mkeka una kazi nyingi. Mgeni akifika hutandikiwa mkeka. Chakula huliwa juu ya mkeka. Mtoto mchanga hulazwa juu ya mkeka, na usiku watoto wakubwa hulala papo hapo. Kwa hiyo kila mama hujitahidi kuufagia asubuhi na jioni.

Lakini chini ya mkeka je? Ni lini mara ya mwisho uliuinua, ukautoa nje juani, ukafagia mahali ulipokuwa umetandikwa? Swali hili si la kupendezesha nyumba tu. Ni swali la afya, na mara nyingine ni swali la uhai wa mama na mtoto.

KITANDIKO HUFICHA

Vitandiko vyetu ni vya aina nyingi. Iko mikeka ya ukindu, ambayo husukwa kwa ukili kisha ukili huo ukashonwa pamoja. Yako majamvi ya miyaa, ambayo ni mapana na magumu zaidi. Wako wenye mazulia ya sufu au nailoni. Siku hizi nyumba nyingi zina kapeti la plastiki, lile linalouzwa kwa mita sokoni na gulioni.

Vitandiko hivi vyote vina tabia moja: huficha sakafu. Vumbi hupenya katika mishono ya mkeka na kutua chini. Makombo ya chakula huingia pembeni. Mkojo wa mtoto hutiririka ukakauka usionekane. Kapeti la plastiki ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu juu hung'aa likifutwa kwa kitambaa, na watu wengi hulipigilia misumari wasiliinue tena mwaka mzima. Huko chini, hasa kama sakafu ni ya udongo, kuna giza, vumbi na nyufa. Hapo ndipo wadudu wanapopataka.

MJUE PAPASI

Mdudu wa kwanza wa kuogopwa ni papasi. Yeye ni kupe, lakini si kama kupe wa ng'ombe. Rangi yake ni ya udongo, kwa hiyo si rahisi kumwona. Akiwa na njaa huwa bapa, na akishiba damu huvimba akawa mnene kama punje ya kunde. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi kwa siku nyingi. Papasi hatendi hivyo. Hutoka usiku watu wakiwa wamelala, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Kwa sababu hiyo mtu huweza kuumwa na papasi kwa miezi mingi asimwone hata mmoja.

Papasi hupenda nyufa za sakafu, mahali ukuta unapokutana na sakafu, karibu na mafiga, na chini ya mikeka ya kulalia. Ana uvumilivu mkubwa. Anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja watu warudi. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa siku nyingi si salama kwa sababu tu haina mtu.

Habari za papasi ni za zamani. Katika njia za misafara wasafiri waliogopa kulala katika vibanda vya njiani kwa sababu yake. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alichunguza ugonjwa unaoletwa na kupe huyu huko Kongo, akaupata yeye mwenyewe, akafa Kasongo mwaka huo huo. Mwaka huo pia daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi hapa kwetu, akakuta kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu vya ugonjwa kupitia mayai. Maana yake ni kwamba papasi mmoja akiachwa ufani, kizazi kizima chaweza kuwa na ugonjwa. Tangu wakati huo papasi hajatuacha. Uchunguzi uliofanywa mkoani Dodoma katika miaka ya 1990 uliwakuta katika nyumba nyingi za tembe.

HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Ugonjwa wenyewe ni homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali ya ghafla, baridi, kichwa kuuma sana, viungo kuuma, na mara nyingine kutapika. Baada ya siku chache hutoka jasho jingi na homa hushuka. Mgonjwa hudhani amepona, akarudi shambani. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja, homa hurudi. Yaweza kwenda na kurudi hivyo mara nyingi.

Hatari kubwa iko kwa mama mjamzito na kwa mtoto mdogo. Homa hii huweza kuharibu mimba, au kumfanya mama ajifungue kabla ya wakati. Mtoto huweza kuzaliwa akiwa tayari ana vijidudu katika damu, akafa katika siku zake za kwanza.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Homa ya papasi hufanana sana na malaria. Siku hizi katika zahanati nyingi malaria hupimwa kwa kipimo cha haraka, kile cha kudondoshea tone la damu kwenye kikadi cha plastiki. Kipimo hicho ni kizuri, lakini hutafuta malaria peke yake. Hakiwezi kuonyesha homa ya papasi. Ili vijidudu vyake vionekane, damu hutazamwa kwa hadubini, na yafaa ichukuliwe wakati homa iko juu. Basi ukiambiwa huna malaria na homa inarudi tena na tena, mwambie mganga wa zahanati: "Homa yangu inakwenda na kurudi, na nyumbani tunalala chini." Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha.

Dawa za kutibu homa hii zipo na huponya. Lakini usizinunue dukani ukajitibu mwenyewe. Katika saa za kwanza baada ya kupata dawa homa yaweza kupanda ghafla na mgonjwa akalegea. Yafaa awe chini ya uangalizi wa mganga.

FUNZA NA VIROBOTO

Papasi hayuko peke yake. Funza naye hukulia katika vumbi la sakafu. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya mwisho wa karne ile alikuwa amevuka bara zima na kufika kwetu. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu, hujaa mayai, na mayai hayo hudondoka sakafuni. Yakipata vumbi kavu lililolegea, huanguliwa na kukua humo. Kwa hiyo kumtoa mtoto funza leo na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi isiyokwisha. Pia kumbuka kwamba kidonda cha funza huweza kuingiza pepopunda, na pini moja isitumiwe kwa watu wawili.

Viroboto nao hujificha katika mkeka na zulia. Makombo huvuta panya, na panya huleta viroboto wao. Wananchi wa Lushoto waliujua uchungu wa jambo hili. Tauni, ambayo huenezwa na viroboto wa panya, ilizuka huko mwaka 1980 na ikawasumbua kwa zaidi ya miaka ishirini.

NAMNA YA KUTUNZA KITANDIKO

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Fuata hatua hizi:

1. Kila siku kunja mkeka wa kulalia asubuhi. Usiuache umetandikwa mchana kutwa. Nyunyiza maji kidogo sakafuni ili vumbi lisiruke, kisha fagia, hasa pembeni mwa kuta.

2. Angalau mara moja kwa wiki toa mikeka yote nje. Ikung'ute mbali na mlango, juu ya ardhi ngumu iliyofagiwa, ili uone kinachodondoka. Ukiona papasi, mponde kwa jiwe au kijiti. Usimponde kwa vidole, maana maji yake na damu yake vina vijidudu.

3. Anika mkeka juani pande zote mbili. Kama umetiwa rangi, upande wa chini ndio ukae juu kwa muda mrefu zaidi, ili rangi isipauke. Chunguza mishono mmoja mmoja. Hapo ndipo kunguni hujificha.

4. Mkeka ukichafuka, ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha ufute tena kwa maji safi. Usiuloweke kwa muda mrefu, kwa sababu ukindu huoza na mishono huachia. Ukauke kabisa kabla ya kukunjwa.

5. Uviringishe, usiuvunje katikati. Uweke juu ya kichanja au uutundike. Mshono ukiachia, ushone mara moja. Mkeka uliotunzwa vizuri huishi muda mrefu.

6. Zulia la sufu au nailoni litundikwe kwenye kamba na kupigwa kwa fimbo, nawe simama upande upepo unakotoka ili vumbi lisikuingie kifuani. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Kitu kikimwagika, kinyonye kwa kitambaa kikavu kwanza, usisugue. Zulia lililolowa likirudishwa ndani kabla halijakauka hufanya ukungu na harufu mbaya.

7. Kapeti la plastiki lisipigiliwe misumari. Liinue kila wiki, fagia chini yake, liache mpaka sakafu ikauke, kisha litandike tena.

Iko pia mikeka ya kuazimana. Penye msiba au arusi mikeka ya nyumba nyingi hukusanywa mahali pamoja, watu hulala juu yake siku kadhaa, kisha kila mtu huchukua wake. Huo ni ujirani mwema na usiachwe. Lakini mkeka ukirudi, usiuingize ndani moja kwa moja. Uache nje, ukung'ute, uuanike. Fanya vivyo hivyo kwa mzigo wa msafiri.

SAKAFU NDIYO MSINGI

Ukisafisha mkeka na kuacha nyufa, umefanya nusu ya kazi. Kwangua sakafu iliyolegea. Chukua udongo mgumu, kama ule wa kichuguu, changanya na mchanga na maji, jaza nyufa zote za sakafu na za chini ya ukuta, shindilia, kisha siriba pakawa laini. Nyufa zikitokea tena, ziba tena. Mwenye uwezo aweke saruji. Asiye na uwezo asikate tamaa: sakafu ya udongo isiyo na ufa wala vumbi ni kinga kubwa.

Jitahidini pia kulala juu. Kitanda cha kamba au cha miti si gharama kubwa, na fundi wa kijiji anaweza kukitengeneza. Kisogezwe mbali kidogo na ukuta. Kama bado mnalala chini, chandarua kichomekwe chini ya mkeka pande zote. Hapo kitazuia mbu, na pia kitamzuia papasi asimfikie mtoto kwa urahisi.

YA KUEPUKA

Usinyunyize dawa ya pamba au ya mahindi juu ya mkeka au sakafuni. Dawa hizo ni sumu, na mtoto hutambaa hapo kisha hutia mikono mdomoni. Usimwage mafuta ya taa ndani kwa kufikiri utaua wadudu. Yanaweza kuunguza nyumba. Kama wadudu wamezidi, mwite bwana afya au bibi afya wa kata aje atoe ushauri.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Kutoa mikeka, kupiga zulia na kuziba nyufa si kazi ya mama peke yake. Baba achimbe udongo na kushindilia. Vijana watoe vitandiko. Watoto wafagie uwanja. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walisoma katika vikundi, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walisoma, wakajadiliana, wakatenda. Na sisi tutende. Jumamosi hii, jua likichomoza, kila nyumba itoe mikeka yake nje.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwenu nani analala chini? Je, yuko mama mjamzito au mtoto mchanga kati yao?

2. Tofauti kati ya papasi na kupe wa ng'ombe ni nini?

3. Kwa nini mtu mwenye homa inayorudi asiridhike na kipimo cha haraka cha malaria peke yake?

4. Udongo mzuri wa kuziba nyufa unapatikana wapi katika kijiji chenu, na mtagawanaje kazi ya kuuleta?