Kisa Dhaifu, Mapigano Matamu: Mfano wa Devil May Cry

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika pande mbili, yaani fani na maudhui, kisha kuuliza ni kwa kiasi gani upande wa kwanza umeutumikia upande wa pili. Kipimo hicho kimefaa kwa riwaya, kwa tamthilia na kwa utenzi. Lakini ziko kazi za kisasa ambazo, zikipimwa hivyo, huonekana hazina thamani, ilhali watu wengi huzirudia mwaka baada ya mwaka kwa furaha ile ile. Michezo ya video ya mapigano ni miongoni mwa hizo. Mchezaji akiulizwa kisa chake kinahusu nini, hucheka. Akiulizwa kwa nini basi amekesha akicheza, hukosa maneno akaonyesha vidole vyake.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo la vidole kwa kuchunguza mchezo mmoja, Devil May Cry, uliotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Umechaguliwa kwa sababu pengo kati ya kisa chake na mapigano yake ni kubwa mno, na pia kwa sababu ulizaa mfululizo: mnamo 2003, 2005, 2008 na 2019 zilitoka sehemu nyingine nne, hivyo yawezekana kulinganisha.

Historia ya kuundwa kwake yaeleza mengi. Kikundi kilichoongozwa na Hideki Kamiya kilikuwa kimepewa kazi ya kuandaa sehemu mpya ya Resident Evil, mfululizo wa kutisha ambamo mchezaji huwa na risasi chache, hutembea kwa hofu, na mara nyingi huona heri kukimbia kuliko kupigana. Kamiya alitaka shujaa asiyekimbia. Kadiri kazi ilivyoendelea, shujaa huyo alizidi kuwa mwepesi na mwenye nguvu, hata ikaonekana kwamba mchezo umekwisha kuuacha ukoo wake. Ikaamuliwa uwe mchezo mwingine wenye jina lake. Hata ule ufundi uliouletea sifa kuliko wote, wa kumrusha adui juu kwa upanga na kumzuia asianguke kwa risasi, ulitokana na kasoro: katika matayarisho ya mchezo mwingine wa Capcom, Onimusha, ilitokea kwamba adui aliyepigwa aliweza kuelea hewani akiendelea kupigwa. Kamiya aliiona kasoro hiyo akaifanya msingi. Basi mapigano yalitangulia, na kisa kikabidi kubadilishwa ili kiyafuate.

KISA CHENYEWE

Kisa chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Miaka elfu mbili iliyopita shetani mmoja aitwaye Sparda aliwaasi wenzake akawatetea wanadamu. Baadaye alizaa mapacha na mwanamke wa kibinadamu. Mmoja wao, Dante, ana duka la kuwinda mashetani kwa ujira. Anajiwa na mwanamke aitwaye Trish, anayefanana mno na marehemu mama yake, akiwa na habari kwamba Mundus, mfalme wa mashetani, yu karibu kurudi duniani kupitia kisiwa cha Mallet. Dante anakwenda, anapigana, anasalitiwa na Trish, anamwokoa Trish, Trish naye anajitoa mhanga kwa ajili yake, Mundus anashindwa, na Trish anarudi akiwa hai.

Mtu asidhani kwamba kisa hiki kimepungukiwa na mambo mazito. Mna humo kifo cha mama, pacha aliyepotea, usaliti na toba. Jina lenyewe la mchezo limesimama juu ya machozi, kwani wazo linalotolewa mwishoni ni kwamba shetani halii, na kwamba kulia ni tunu ya mwanadamu. Upungufu uko kwingine: mambo hayo yametajwa tu, hayakujengwa. Trish huonekana mwanzoni, hutoweka kwa muda mrefu, kisha hurudi kusaliti, na mchezaji hajakaa naye hata kiasi cha kumzoea. Anapoanguka akimkinga Dante, Dante huomboleza kwa maneno makubwa, na mchezaji hubaki akishangaa maombolezo hayo yametoka wapi. Katika saa zote zilizotangulia, Dante huyo huyo amekuwa akicheka usoni pa kila adui.

Majina nayo yameazimwa kwa Dante Alighieri, mshairi wa Italia, ambaye katika utungo wake mkuu anaongozwa kuzimu na mshairi wa kale wa Roma, Virgil. Katika mchezo huu na sehemu zilizoufuata, Dante ni mwindaji, na Vergil ni pacha wake na hasimu wake. Msomaji wa utungo ule akitafuta uhusiano wa ndani zaidi atachoka bure. Ni mapambo, tena mapambo mazuri, lakini hayabebi kitu.

SARUFI YA UPANGA

Ama kuhusu mapigano, hapo mambo ni mengine kabisa, na mtu aliyesoma isimu ana bahati ya kuwa na istilahi za kuyaeleza.

Mchezaji hushika kidhibiti chenye vitufe, kile ambacho vijana wa mijini Kongo hukiita maneti. Kitufe kimoja ni cha upanga, kimoja cha bastola, kimoja cha kuruka. Kwa mtazamo wa kwanza msamiati huu ni maskini. Lakini kuna kitufe kingine ambacho peke yake hakipigi: kazi yake ni kumwelekeza Dante kwa adui mmoja. Kikishikiliwa, kitufe cha upanga hubadilika maana kufuatana na upande unaosukumwa kwa kidole gumba. Kuelekea kwa adui, Dante hutoka mbio na kumchoma. Kinyume chake, humkata kutoka chini na kumrusha juu. Ni sawa na mzizi -pig-, ambao peke yake si neno, lakini ukipewa viambishi huzaa piga, pigia, pigana, pigwa na pigisha. Mchezaji hajifunzi orodha ya mapigo. Anajifunza kanuni ya unyambuaji, kisha anaunda mapigo yake mwenyewe kabla hajafikiri.

Katika sehemu ya tatu, ile ya 2005 iliyoongozwa na Hideaki Itsuno, sarufi hiyo ina kitu ambacho mwanafunzi wa fonolojia atakitambua mara moja. Kitufe cha upanga kikibonyezwa mfululizo hutoa mapigo ya aina moja. Mchezaji akisita kidogo katikati kisha akaendelea, hutoka mfuatano mwingine kabisa. Vitufe ni vile vile. Tofauti iko katika kunyamaza. Kiswahili kinafanya jambo la jamii hiyo kwa mkazo: silabi zile zile nne, mkazo ukiwa mahali pake pa kawaida, ni barabara ya kupitia magari, mkazo ukirudi nyuma silabi moja, mambo huwa yamekwenda barabara. Mgeni hasikii tofauti hiyo mpaka aelekezwe. Vivyo hivyo mchezaji mpya hubonyeza kwa pupa na kulalamika kwamba upanga wake unajua jambo moja tu.

Lugha haikamiliki bila mtu wa kuzungumza naye, na adui ndiye mshiriki wa mazungumzo hayo. Mashetani wa Devil May Cry hawakuwekwa humo kama magunia ya kupigwa. Yuko mmoja, Shadow, mnyama wa kivuli mwenye umbo la chui mweusi. Anayemwendea kwa upanga hujibiwa vibaya. Yampasa kwanza ampige kwa risasi mpaka kiini chake kijitokeze, ndipo upanga upate neno la kusema. Mchezaji aliyezoea kutumia upanga pekee analazimishwa kujifunza nusu ya lugha aliyokuwa ameidharau.

Kisha yupo msikilizaji. Pembeni mwa kiwambo hutokea herufi zinazoanza na D na kupanda hadi S, ambazo katika sehemu ya tatu zilifikia SSS. Herufi hupanda mchezaji anapobadilisha mapigo bila kupigwa yeye, na haimpi kitu anayerudia pigo lile lile, hata kama pigo hilo linaua. Hapa mchezo unasema wazi kwamba kuua adui si shabaha. Shabaha ni kumuua kwa ufasaha. Mtambaji wa ngano anaijua hali hiyo: hadhira ikichoka, haimwambii amekosea, humwachia tu ukimya. Katika sehemu ya tano, ya 2019, hata muziki uliingizwa katika kazi hiyo. Wimbo huanza kwa kujizuia, na kadiri herufi zinavyopanda, ala na sauti huongezeka mpaka kiitikio kinalipuka. Anayeshindwa kupigana vizuri haupati wimbo wote.

Ushahidi kwamba utamu umo katika sarufi hii, wala haumo katika upanga wenyewe wala damu, ulitolewa na Capcom bila kukusudia. Sehemu ya pili, ya 2003, ilitengenezwa bila Kamiya. Itsuno aliletwa kuisimamia wakati kazi imekwisha kufika mbali. Humo ana Dante yule yule, panga na bastola zile zile kwa sura. Lakini bastola zilifanywa kuwa na nguvu mno, na maadui wengi wakawa wazito wa kujibu, hata mchezaji akaweza kusimama mbali na kubonyeza kitufe kimoja mpaka wote waishe. Kisa cha sehemu hiyo si kibaya kuliko cha kwanza kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ndiyo iliyolalamikiwa kuliko zote, na Itsuno alipopewa nafasi ya kuanza upya alianzia kwenye mapigano.

PALE VIWILI VINAPOKUTANA

Kutokana na hayo yote, wapenzi wa michezo hii wana jibu tayari: mchezo ni mchezo, kisa ni kisingizio. Jibu hilo lina haki kwa sehemu. Hata katika tenzi za vita, kama Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, msikilizaji anajua tangu mwanzo ni upande gani utakaoshinda. Anachosubiri ni namna mashujaa watakavyokabiliana, mmoja baada ya mwingine. Lakini jibu hilo linaficha jambo moja. Katika mchezo huo huo wa 2001 kuna sehemu ya kisa isiyo dhaifu, nayo ni ile ambayo haikusimuliwa kwa maneno.

Ni habari ya Nelo Angelo, shujaa aliyevaa deraya, ambaye Dante hukutana naye mara tatu. Ni adui wa pekee ambaye hupigana kwa upanga kwa namna ya Dante mwenyewe. Hana papara, na humngoja mpinzani wake kwa heshima. Mara ya kwanza, akiwa ameshamkaba Dante, anauona mkufu alioachiwa na mama yake, anashikwa na maumivu, anakimbia. Mara ya tatu anakufa na kuacha mkufu wa pili. Huyo ndiye pacha aliyepotea. Mchezo hausemi zaidi ya hapo, wala hauhitaji. Mchezaji alikwisha kuutambua undugu huo kwa mikono yake, kwa kuwa alikuwa akipigana na mtu anayeongea lugha yake.

Kwa hiyo yafaa kuuliza kisa kinadhoofika wapi hasa. Kinadhoofika kila mara mchezaji anaponyang'anywa vitufe na kuonyeshwa kipande cha sinema kinachokana alichokifanya. Mfano wa wazi umo katika sehemu ya tatu, ambamo Dante na Vergil wanapambana juu ya mnara. Mchezaji hutoka jasho, hujifunza, na mwishowe humshinda Vergil. Mara sinema inaanza, na ndani yake Dante ndiye anayeshindwa: anachomwa kwa upanga na kunyang'anywa mkufu wake. Ushindi wa mchezaji umefutwa kana kwamba haukuwapo. Msomaji wa riwaya hatendewi hivyo kamwe, kwa kuwa hakuna ukurasa aliouandika yeye.

Na bado, mchezo huo huo unajirekebisha. Ndugu hao wanapambana tena baadaye, na mara ya mwisho kabisa katika hatua ya 20. Vergil anabadilisha silaha kila mara, lakini mwendo wake ni ule ule, na mchezaji aliyemshinda mara mbili anayasoma mapigo yake kabla hayajatoka. Baada ya pambano hilo Vergil anajiachia kuanguka katika ulimwengu wa mashetani, na Dante anabaki peke yake. Safari hii sinema haikani kitu. Chozi linalomtoka Dante, ambalo mwenyewe anadai ni mvua, linamfikia mchezaji, kwa sababu ametoka sasa hivi kumpoteza mtu pekee aliyeweza kumjibu.

Waundaji wenyewe waliendelea kuitafuta njia hiyo. Katika toleo maalumu la sehemu ya nne, lililotolewa mwaka 2015, mchezaji anaweza kumchezesha Vergil. Masimulizi aliyopewa ni machache sana. Badala yake alipewa kipimo cha utulivu: hupanda anapomwendea adui kwa hatua za kutembea, hushuka anapokimbia, na hushuka anapokata hewa bila kumpata mtu. Kipimo kikiwa juu, upanga wake huwa mkali zaidi. Baada ya nusu saa mchezaji huacha kukimbia hata pale ambapo hakuna adui.